Neno "Strong" na Maana Zake Katika Maabara

Katika Kiingereza cha sayansi, maneno yanayompoteza mwanafunzi si yale marefu. Neno "photosynthesis" humtisha, na kwa kuwa linamtisha hulitafuta maana yake na kulikariri. Neno "strong" halimtishi hata kidogo. Amelisikia tangu utotoni, analiona kwenye vibandiko vya sabuni na dawa za kusafishia vyoo, na kamusi yake humwambia kwamba maana yake ni "enye nguvu". Basi hulipita bila kusimama, na hapo ndipo kosa linapoanza.

Yafaa kwanza kutazama jinsi Kiswahili chenyewe kinavyolishughulikia neno hili. Mwingereza husema "strong" kwa chai, kwa upepo, kwa kamba, kwa harufu, kwa hoja na kwa mchukuzi wa mizigo bandarini. Mswahili hasemi hivyo. Kwake chai imekolea, upepo ni mkali, kamba ni imara, harufu ni kali, hoja ni nzito, na mchukuzi ana nguvu. Hakuna mzungumzaji yeyote wa Kiswahili atakayesema kwamba chai ni imara, wala kwamba kamba imekolea, ila kwa mzaha. Kwa maneno mengine, msemaji wa Kiswahili amekwisha kuzipambanua sifa hizo kabla hajaingia darasani. Kiingereza ndicho kinachozikusanya tena chini ya neno moja, na mwanafunzi, akidhani kwamba lugha ya sayansi ni lazima iwe sahihi kuliko lugha ya nyumbani, huacha upambanuzi wake mwenyewe nje ya mlango wa maabara.

Hasara ya jambo hili huonekana zaidi katika somo la asidi. Swali la kama "strong acid" na "concentrated acid" ni kitu kimoja ni swali la kawaida la kemia, na wengi hujibu kwamba ndiyo. Kosa hilo lina historia. Wakemia wa kale wa Ulaya waliiita asidi ya naitriki kwa Kilatini "aqua fortis", yaani maji yenye nguvu, na katika matumizi ya siku nyingi neno hilo lilichanganya ukali wa asidi na wingi wake majini. Lugha ya Kiswahili nayo haisaidii sana hapa, kwa kuwa neno la zamani la asidi ni tindikali, na sikio husikia "kali" ndani yake hata pale asidi inapokuwa dhaifu.

Maana ya kisasa ilipatikana baada ya Svante Arrhenius wa Sweden kutoa tasnifu yake mwaka 1884. Tasnifu hiyo ilipewa daraja la chini na watahini wake, ingawa mwaka 1903 mwandishi wake alipata Tuzo ya Nobel ya kemia. Kutokana na kazi yake na ya wenzake ilieleweka kwamba baadhi ya vitu vikiingia majini hugawanyika na kuwa ioni. Asidi kali, kwa maana hii, ni ile ambayo karibu molekuli zake zote hugawanyika na kutoa ioni za haidrojeni. Asidi ya haidrokloriki ni ya namna hiyo. Asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, ni dhaifu: katika mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita, molekuli 13 hivi tu kati ya 1,000 ndizo zinazogawanyika, na zilizobaki hukaa nzima.

Ukolevu ni jambo jingine kabisa. Huo huhesabu ni moli ngapi za asidi zimetiwa katika kila lita ya mmumunyo, bila kujali zimegawanyika au la. Kuongeza maji ni kuizimua asidi, kama mpishi anavyozimua mchuzi. Lakini asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa mara 1,000 hubaki kuwa asidi kali, na asidi ya asetiki isiyo na maji kabisa hubaki kuwa asidi dhaifu. (Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba asidi dhaifu inapozimuliwa, sehemu ya molekuli zinazogawanyika huongezeka. Katika moli 0.001 kwa lita, asidi ya asetiki hugawanyika kwa kiasi cha molekuli 12 katika kila 100. Hata hivyo haigeuki kuwa kali, kwa sababu kipimo cha udhaifu wake ni kigezo chake cha kugawanyika, nacho hakibadilishwi na kuongezwa maji.)

Mwalimu aweza kuonyesha tofauti hii kwa vifaa vichache. Atayarishe mimumunyo miwili ya moli 0.1 kwa lita, mmoja wa asidi ya haidrokloriki na mmoja wa asidi ya asetiki, na atie sentimita za ujazo 25 za kila mmoja katika chupa yake. Kisha atumbukize katika kila chupa utepe wa magnesi wenye urefu wa sentimita 2. Katika chupa ya kwanza mapovu yatatoka kwa fujo, na katika ya pili yatatoka polepole. Darasa zima litakubali mara moja kwamba asidi ya kwanza "ina nguvu zaidi". Hapo mwalimu asiwaache waondoke. Wakingoja hadi utepe uishe kote kuwili, watakuta kwamba kiasi cha gesi ya haidrojeni kilichopatikana ni kilekile. Tena, kama sentimita za ujazo 25 za kila asidi zikitiwa matone ya fenolfthaleini na kuzimishwa kwa sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita, kila moja itahitaji sentimita 25 kamili za alkali hiyo. Asidi dhaifu haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa ikitoa ioni zake kwa mkono mzito tu, na kila zilipotumika ilitoa nyingine mpaka akiba ikaisha.

Jambo hili si la mtihani peke yake, maana mwanafunzi aliyeelewa kwamba "weak" ni sawa na "isiyo na madhara" anaweza kuumia. Tumboni mwa kila mtu mwenye afya mna asidi kali, ya haidrokloriki, iliyozimuliwa vya kutosha. Asidi ya asetiki isiyo na maji, ambayo ni dhaifu, huunguza ngozi. Mfano wa kuogofya kupita yote ni asidi ya haidrofloriki, itumiwayo kuchorea vioo. Katika vitabu imeorodheshwa miongoni mwa asidi dhaifu, na majedwali hayakosei. Lakini hupenya ngozi, hushikamana na kalsiamu ya mwilini, na yaweza kumwua mtu. Udhaifu wake ni wa kugawanyika majini, si wa kudhuru.

Tukitoka kwenye kemia na kuingia fizikia na ufundi, neno lilelile hupewa kazi nyingine. Mhandisi asemapo kwamba chuma cha kawaida ni "strong", ana maana ya kani ambayo kila milimita ya mraba inaweza kuistahimili kabla ya kukatika, nayo ni nyutoni 400 hivi. Waya wa milimita moja ya mraba, basi, hubeba mzigo wa kilo 40 hivi kabla haujakatika. Hapa Kiswahili kina neno imara, na wanafunzi wazuie lisichanganywe na -gumu. Almasi ni ngumu kuliko madini yote katika kipimo alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kwa maana kwamba haikwaruzwi na jingine lolote, lakini pigo la nyundo huipasua.

Isitoshe, uimara hutegemea kani inaelekea wapi. Zege hustahimili kugandamizwa vizuri sana, lakini likivutwa hupasuka kwa sehemu ya kumi hivi tu ya kani hiyo. Ndiyo sababu mafundi hutia nondo. Boriti ya zege iliyolazwa juu ya kuta mbili huvutwa upande wake wa chini inapolemewa, kwa hiyo nondo kuu hukaa chini. Kibaraza kinachochomoza nje ya ukuta huvutwa upande wa juu, na nondo zake hazina budi kukaa juu. Fundi akizigeuza, zege ni lilelile na chuma ni kilekile, na kibaraza kitaanguka.

Kuhusu ile iitwayo "strong force" katika fizikia ya kiini cha atomi, maelezo mafupi yanatosha. Hilo ni jina tu la kani inayofunga protoni na nyutroni pamoja, ambayo Hideki Yukawa wa Japani alitoa nadharia yake mwaka 1935. Ndani ya kiini huishinda kani ya umeme kwa kiasi cha mara 100, na nje ya kiini karibu haipo.

Kwa zoezi la darasani, mwalimu aweka mezani chupa mbili. Chupa A ina asidi ya haidrokloriki ya moli 0.01 kwa lita. Chupa B ina asidi ya asetiki ya moli 5 kwa lita. Karatasi ya kupimia pH itaonyesha rangi karibu ileile kwa zote mbili, yaani pH ya 2 hivi. Wanafunzi waulizwe: ni ipi "strong", ni ipi iliyokolea, na ni ipi ya kuogopwa zaidi ikimwagika mkononi? Asidi kali ni A. Iliyokolea ni B, na hiyo hiyo ndiyo ya kuoshwa upesi kwa maji mengi, kwa sababu ili kuizimisha lita moja ya B huhitajika alkali mara 500 ya ile inayohitajika kwa lita moja ya A.