Mazoezi ya Mkono Nyumbani Baada ya Kiharusi: Ajua, Karata na Simu

Mgonjwa wa kiharusi anaporudi nyumbani, mara nyingi mguu hutangulia kupata nafuu huku mkono ukibaki nyuma. Kwa mkaazi wa Salama, kwenda kliniki ya fiziotherapia mjini Wote kila wiki ni nauli ya watu wawili na siku nzima ya kazi. Wengine huacha baada ya miadi michache, na mkono usiotumika hukakamaa. Somo hili linaeleza jinsi ya kuendelea na mazoezi nyumbani.

Kwa nini michezo?

Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kiharusi haifufuki, lakini sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi yake. Hujifunza kwa kurudia tendo mara nyingi sana. Kuinua mkono mara 100 bila sababu kunachosha. Ukicheza ajua raundi tatu, unarudia bila kuhesabu.

Si lazima vifaa viwe ghali. Utafiti uliochapishwa 2016, wa wagonjwa 141 katika Kanada, Argentina, Peru na Thailand, ulilinganisha michezo ya video na michezo ya kawaida kama karata. Mikono ilipata nafuu kwa kiwango kinachokaribiana. Utafiti mwingine wa 2019 nchini Marekani, wa wagonjwa 124, ulionyesha kuwa waliofanya mazoezi kwa michezo nyumbani, wakiongozwa na wataalamu kwa video, walipata nafuu sawa na waliokwenda kliniki.

Chagua mchezo kulingana na mkono

1. *Mkono haushiki:* Keti mezani. Weka kiganja juu ya kitambaa, ukisukume mbele na kukirudisha. Mkono mzima unaweza kusaidia.
2. *Mkono unaanza kushika:* Hamisha machungwa kutoka beseni moja hadi jingine. Cheza drafti kwa vizibo vya soda.
3. *Vidole vinasogea:* Cheza ajua kwa maharagwe, au karata na wajukuu. Mkono dhaifu ndio uchukue na kuweka.

Anza na vipindi vifupi, upumzike, kisha uongeze kidogo kidogo. Andika kwenye daftari umecheza mara ngapi kila siku.

Simu isaidie

Kwanza mgonjwa apimwe ana kwa ana na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye ataamua mazoezi yanayomfaa. Kabla hamjaondoka, muulizeni kama anaweza kuwafuatilia kwa simu. Siku ya simu ya video, simu iegemezwe mahali ambapo bega, kiwiko na vidole vyote vinaonekana. Bando likiisha, mtumieni idadi iliyo kwenye daftari kwa ujumbe mfupi. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini naye anaweza kuwapima shinikizo la damu.

Tahadhari

- Usimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono dhaifu. Bega huumia kwa urahisi. Akiketi, mkono uegemee mto.
- Bega likiuma, simamisha mchezo na umweleze mtaalamu.
- Usimfanyie kila kitu. Kikombe anachoweza kukifikia, akifikie mwenyewe, hata akichelewa.
- Dawa za shinikizo la damu zisikatizwe bila ushauri wa daktari, hata mgonjwa akijisikia vizuri.
- Mdomo ukipinda, mkono ukilegea ghafla au maneno yakivurugika, huenda ni kiharusi kingine. Angalia saa dalili zilipoanza na umkimbize hospitalini mara moja. Usisubiri asubuhi.

Nafuu ya mkono huja polepole. Wiki hii huenda ikawa ni kidole kimoja tu kilichosogea. Kiandikeni kwenye daftari, kisha mpange tena ajua kesho.