Mwite Baba Ukiwa Mlangoni

Wadogo zangu, sogezeni viti. Leo nina neno nililolibeba tangu nikiwa na miaka saba.

Kwetu kulikuwa na sheria moja. Baba akilala haguswi. Ukitumwa kumwamsha, unasimama mlangoni, unaita mara mbili tatu, unangoja mpaka miguu yake iguse sakafu, ndipo unasogea. Mama hakutueleza sababu. Alinishika bega tu, akanisimamisha kwenye kizingiti, akasema, "Mwisho wako hapa."

Siku moja mdogo wangu wa miaka minne alisahau. Kijana wa jirani alikuwa amemtengenezea gari la kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu yamekatwa kwenye ndala iliyochakaa, naye akapanda nalo kitandani kumwonyesha baba. Nilisikia kishindo, kisha kimya. Nilipofika mlangoni baba alikuwa amembana mtoto ukutani kwa mkono mmoja, macho kayatoa lakini hayamwoni. Sekunde chache tu. Halafu akamtambua, mkono ukalegea, akatoka nje na hakurudi mpaka taa zimewashwa. Gari lilibaki sakafuni, gurudumu moja limechomoka.

Usiku mdogo wangu akaniuliza gizani, "Dada, nimekosa nini?" Nikamjibu kwa akili yangu ya miaka saba: "Umemuudhi baba." Kama ningepewa nafasi ya kufuta sentensi moja niliyowahi kumwambia mtu, ningefuta hiyo.

Nimeikumbuka kwa sababu mmoja wenu ameniandikia. Mumewe ni mwanajeshi, amerudi kutoka ulinzi wa amani mashariki mwa Kongo. Anasema: "Dada, mume wangu hanipigi, halewi, pesa ya matumizi anatoa. Ila yuko ndani kama mgeni. Usiku anaweweseka. Mtoto wetu wa kiume ana miaka sita, ameanza tena kukojoa kitandani. Binti wa miaka kumi amekuwa mtu mzima ghafla, anamnyamazisha mdogo wake kabla baba hajafika getini. Juzi yule mdogo kaniuliza kama baba alirudi mwenyewe au wametuletea mwingine."

Mdogo wangu, huyo mtoto hajakosea. Ameona kitu ambacho wengi wetu wakubwa tunakipita kila siku.

Baba yangu alikuwa mgambo. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, vijana wa mgambo waliingizwa jeshini kwa maelfu, wakafundishwa haraka haraka, wakavuka Mutukula kuingia Uganda. Machi 1979 brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuona vita, ilifika Lukaya, kwenye barabara ya kinamasini kati ya Masaka na Kampala. Tarehe 10 Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwafyatulia maroketi. Yaliwapita juu kwa juu, lakini mngurumo wake ulitosha: safu ikavunjika, vijana wakatawanyika, wengi wakakimbilia kwenye kinamasi. Kesho yake jeshi lilijipanga upya na likashinda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Shuleni tulifundishwa ushindi. Baba alirudi na ule usiku wa kwenye matope, na aibu ya kukimbia ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mimi mwenyewe niliyajua hayo nimeshazaa, kwa baba yangu mdogo, tumekaa kwenye mkeka wa msiba.

Mtaani walisema vita imemharibu. Wengine walisema mapepo, wengine damu za watu zinamrudia. Shangazi alitaka apelekwe kwa mganga. Siwalaumu, maana baba aliporudi hata madaktari wakubwa wa dunia walikuwa hawajakubaliana jina. Ni mwaka 1980 ndipo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipouingiza ugonjwa huu kwenye kitabu chake cha magonjwa ya akili, zaidi kwa sababu ya waliyoyaona kwa askari waliotoka Vietnam. Sisi tunauita msongo wa baada ya kiwewe. Mtu amerudi nyumbani, lakini mwili wake bado uko lindoni. Mlango ukijibamiza, mwili unasikia bomu. Akilala, anarudishwa kule kule. Akiwa macho, anakwepa kila kinachomkumbusha: habari za redioni, harufu ya matope, fataki za mwaka mpya, hata rafiki zake wa zamani. Na si kila aliyekwenda vitani anaupata. Wengi wanahangaika miezi michache kisha wanatulia. Asiyetulia si mwoga kuliko wenzake.

Sasa watoto. Ukiuliza watu kinachomuumiza mtoto katika nyumba kama hiyo, watakujibu haraka: hasira za baba. Ni kweli, zinaumiza. Lakini watafiti waliochunguza familia za askari wa Vietnam walikuta kwamba kinachoharibu zaidi uhusiano wa baba na wanawe ni ganzi. Mtu akijizoeza kutosikia hofu, hachagui. Furaha nayo inazimika, na huruma, na hamu ya kucheza. Mtoto anakuja mbio na ripoti ya shule, amekuwa wa tatu, baba anaitazama na kusema "sawa" kwa sauti ile ile anayojibia bei ya sukari. Mtoto hajui habari za ganzi. Anachojua ni kwamba amempelekea baba kitu kizuri kuliko vyote alivyonacho na baba hakukitaka. Hesabu anayoipata ni moja: mimi ndiye nisiyependeza.

Na mtoto huyo huyo anageuka mlinzi. Mimi nilijua hali ya baba kwa namna alivyoegesha baiskeli. Ikiegemezwa ukutani taratibu, tunaendelea na mchezo wetu wa rede. Ikitupwa, tunatawanyika bila kuambizana. Leo nina miaka zaidi ya arobaini, na mtu akifunga mlango kwa nguvu ofisini nahesabu kwanza nani kakosa. Baba hakunifundisha vita. Nilijifunza lindo lake kwa kuishi naye.

Ndiyo maana, mdogo wangu, katika watoto wako wawili anayenitia wasiwasi zaidi ni binti. Wa miaka sita analia kwa njia anayoijua: anakojoa kitandani, pengine tumbo litamuuma kila Jumatatu asubuhi, pengine atapigana shuleni. Mtu atamwona. Binti anaosha vyombo bila kutumwa, analaza mdogo wake, anakuuliza wewe kama umekula, na kila jirani anakusifu kwa malezi. Usipokee sifa hizo. Mtoto wa miaka kumi anayezima kicheko cha mdogo wake getini amejipa kazi ya kulinda nyumba nzima, na hakuna aliyemwambia kuwa anaweza kuiacha.

Mwambie wewe. Kaa nao wote wawili, mchana, mahali pasipo na haraka, useme kwa maneno yako kitu kama hiki: "Baba alipata jeraha alipokuwa kazini kule. Halionekani kama la mguu kwa sababu liko kwenye fikra. Likimuuma, anashtuka, au ananyamaza, au anakaa peke yake. Hamkulileta nyinyi. Si kazi yenu kulitibu. Sisi wakubwa tunalishughulikia." Kisha nyamaza, waache waulize, na ujibu kile walichouliza tu. Habari za maiti na risasi usimpe mtoto. Na usimseme vibaya baba yao, maana mtoto akisikia baba ni mbaya anajiona naye nusu yake ni mbaya.

Ile sentensi tunayoikimbilia wote, "baba amechoka," iacheni. Mtoto anajua uchovu unaisha ukilala. Akiona siku ya hamsini baba bado amechoka, anajua umemficha, na kinachofichwa yeye hukijaza mwenyewe kwa kosa lake. Mwambie baba naye, kabla hujakaa na watoto, kwamba utasema, na umsomee utakayoyasema. Wengi wataguna. Wachache watakataa. Lakini asikute mambo yake yamezungumzwa kisirisiri kama umbea.

Najua maisha ya kota za jeshi. Pale neno "akili" likitajwa mtu anaona cheo chake kinapeperuka. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinzi wa amani wa Tanzania kule Semuliki, mashariki mwa Kongo, iliposhambuliwa, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa. Wenzetu wa Kenya wana El Adde yao, kambi iliyoshambuliwa nchini Somalia Januari 15, 2016. Waliokuja ndani ya jeneza tuliwapokea kwa bendera na machozi, na ilistahili. Waliokuja kwa miguu yao tuliwapa mkono, tukawaambia "pole na kazi," wakapanda daladala kwenda nyumbani. Hao ndio walio mezani na watoto leo.

Kama wewe baba ndiye unayesoma, kaka yangu, sitaki ukae na mwanao kumsimulia. Fanya kitu kidogo naye, ubavu kwa ubavu: kuziba pancha, kumwagilia bustani, kukwangua kutu kwenye jembe. Dakika kumi kila siku zinatosha kuanza. Mtu mwenye ganzi anaona tabu kumtazama mtoto usoni, lakini mikono ikishughulika maneno huja yenyewe. Na siku ukishtuka ukamtisha, usitoke nje ukapotelea kusikojulikana kama baba yangu. Rudi. Sema, "Nilishtuka. Si wewe." Yanatosha.

Na nenda hospitali. Tiba ipo, na msingi wake ni mazungumzo yenye utaratibu. Moja ya njia hizo ilijaribiwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali waliokimbia vita. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kwa wiki chache, na wagonjwa walipata nafuu. Katika njia hiyo unatandaziwa kamba sakafuni, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka ua mahali palipokuwa na heri na jiwe mahali palipokuwa na shari. Kisha, siku baada ya siku, unasimulia toka mwanzo wa kamba, jiwe kwa jiwe, na mshauri anaandika. Mwishoni unasomewa maisha yako yote. Lile jiwe kubwa linapata tarehe na mahali, linakaa nyuma, haliko tena chumbani na wewe. Msijaribu wenyewe sebuleni, tafadhali, mtu anaweza kuumia zaidi. Anzieni kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Dar es Salaam kuna Muhimbili, na Lugalo kwa wanajeshi. Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Mtoto naye, kama dalili zimepita mwezi, anastahili kuonwa yeye kama yeye.

Nyumba yenye kipigo ni habari nyingine. Huko usianze na kumwelewa baba. Anza na kuwaondoa watoto kwenye hatari: kwa mama mkwe, kwa dada yako, kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, Tanzania na Kenya. Jeraha la vita linaeleza mkono ulionyanyuka. Haliuruhusu.

Mdogo wangu yule wa gari la kopo sasa ni baba wa mtoto wa miaka mitano. Desemba tulikuwa nyumbani wote. Mchana baba, ambaye ana miaka sabini sasa, alikuwa amejinyoosha chumbani, na mtoto akatumwa akamwite kula. Niliinuka kumfuata, maana miguu yangu haijasahau. Nilikuta amesimama kwenye kizingiti, kafundishwa na baba yake, anaita, "Babu! Babu!"

Baba akaamka kwa kushtuka kama kawaida. Akashusha miguu. Kisha akamwita asogee, akampakata, na nikamsikia akisema, "Unajua kwa nini unaniita kutoka pale? Babu alikuwa vitani. Nikiguswa usingizini, mwili unadhani bado uko kule. Si wewe."

"Kule wapi?" mtoto akauliza.

"Lukaya."

"Kuna nini?"

Baba akakaa kimya kidogo. "Kuna matope," akasema. "Mengi sana. Babu alikimbia humo usiku kucha."

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu koridoni, sahani ya wali mkononi. Hakuingia. Aliketi chini pale pale mlangoni, akasikiliza.