Safari ya Siku Mbili Msituni

Ndugu msomaji, je, kalamu inaweza kukusaidia msituni? Soma somo hili, kisha ujibu mwenyewe.

Katika Mkoa wa Tabora kuna misitu mikubwa ya miombo. Watu wengi huenda huko kwa miguu kutazama mizinga yao ya nyuki. Njia ni nyembamba, tena ni kimya. Unaweza kutembea nusu siku bila kumwona mtu. Lakini mbung'o utawaona mchana, na mbu utawasikia usiku.

Tuseme wewe na mwenzako mnataka kwenda huko na kulala usiku mmoja. Mtapangaje safari yenu?

1. Uliza kwanza

Mtafute mtu aliyepita njia hiyo karibuni. Mwulize: Njia ina urefu gani? Maji yako wapi, na wakati huu yapo? Mbung'o ni wengi sehemu gani? Wanyama wakali wameonekana? Andika majibu yake. Kama msitu ni wa hifadhi, pata kwanza kibali katika ofisi ya misitu.

Afadhali kwenda wakati wa kiangazi. Masika njia nyingi hujaa maji na matope. Lakini kumbuka kwamba kiangazi visima vingine hukauka. Ndiyo maana tunauliza.

2. Piga hesabu ya mwendo

Katika njia ya msituni, mtu mwenye mzigo hutembea kama kilomita 3 kwa saa. Tuseme mahali pa kulala ni umbali wa kilomita 15. Gawanya 15 kwa 3. Utapata saa 5. Ongeza saa 2 za kupumzika. Jumla ni saa 7.

Mkiondoka saa 12 asubuhi, mtafika saa 7 mchana. Mtakuwa na wakati wa kuteka maji, kuokota kuni na kufunga chandarua. Mkiondoka saa 6 mchana, mtafika saa 1 usiku. Giza litakuwa limekwisha ingia.

3. Pima mzigo

Wakati wa joto, mtu anayetembea ahesabu lita 4 za maji kwa siku. Kwa siku mbili ni lita 8. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Basi una kilo 8 begani kabla ya kutia unga! Kama una hakika kwamba pana kisima mahali pa kulala, beba lita 4, kisha uteke mengine huko. Yachemshe mpaka yatokote ndipo unywe. Kama huna hakika, beba yote au chagua njia nyingine.

Kila mtu achukue pia:
- unga kilo 1, dagaa wakavu na chumvi;
- kiberiti ndani ya kopo lenye kifuniko;
- chandarua chenye dawa, kamba na mkeka;
- tochi, na kitambaa safi cha kufungia jeraha;
- kalamu na karatasi.

Sufuria moja na panga moja vinawatosha watu wawili.

4. Jikinge na wadudu

Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, huuma mchana. Baadhi ya mbung'o hubeba vijidudu vya malale. Hakuna chanjo ya malale. Kinga yetu ni kutoumwa.

Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na rangi nyeusi. Basi vaa nguo ya rangi ya khaki au ya udongo. Iwe na mikono mirefu na suruali ndefu. Iwe nzito, kwa sababu mbung'o huuma kupitia nguo nyepesi. Usitegemee mafuta ya kufukuza mbu, maana hayamzuii sana mbung'o. Jua likiwa kali, mbung'o hupumzika vichakani. Usikae humo wala usivitikise.

Usiku ni zamu ya mbu wa malaria. Funga chandarua kwenye matawi, na uchomeke ncha zake chini ya mkeka. Lala mahali peupe. Angalia kwanza kama siafu hawapiti hapo. Kabla ya kulala, jikague mwilini kama una kupe.

Koka moto mdogo mahali palipofyekwa. Asubuhi uzime kwa maji na udongo. Moto mmoja ulioachwa unaweza kuunguza msitu na mizinga ya watu.

5. Acha karatasi nyumbani

Kabla ya kuondoka, andika maneno kama haya:

"Tumeondoka Jumatatu saa 12 asubuhi. Tuko wawili. Tunafuata njia ya mashariki. Tutalala penye kisima cha bondeni. Tutarudi Jumanne jioni. Tusipofika hadi Jumatano asubuhi, mwarifuni Mwenyekiti wa Kijiji."

Anayebaki nyumbani asibahatishe. Ajue siku ya kuanza kuwatafuta, na mahali pa kutafuta.

6. Ukirudi, andika tena

Sikiliza habari ya mkulima mmoja. Alikwenda kwenye mizinga yake, akarudi salama. Baada ya wiki mbili alishikwa na homa na kichwa kikamwuma. Alinunua dawa ya malaria dukani akameza. Homa haikuisha. Mkewe akampeleka zahanati.

"Mama, mumeo alisafiri karibuni?" mganga aliuliza.

"Ndiyo, Bwana Mganga. Nimekuja na karatasi yake."

Mkulima alikuwa ameandika siku aliyokwenda, njia aliyopita, na maneno haya: "Mbung'o wengi. Nimeumwa shingoni na mkononi." Mganga aliposoma, hakupima malaria tu. Alimpeleka hospitali damu yake ipimwe malale pia. Ikaonekana ni malale, akatibiwa mapema, akapona.

Malale ya huku kwetu huenda haraka. Mara nyingi dalili huanza katika wiki tatu za kwanza. Mgonjwa hupata homa, maumivu ya kichwa na ya viungo. Pengine panatokea kidonda palipoumwa. Baadaye ugonjwa huingia katika ubongo. Mgonjwa husinzia mchana, hukosa usingizi usiku, na akili huvurugika. Asipotibiwa hufa, tena kwa miezi michache tu. Mwanzoni homa yake hufanana na ya malaria, kwa hiyo mganga anahitaji kujua ulikokuwa. Ukipata homa baada ya safari, nenda zahanati siku hiyo hiyo, useme: "Nilikuwa msituni, nikaumwa na mbung'o."

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma na kuandika. Kalamu yako ni nyepesi kuliko vyote ulivyobeba. Usiiache nyumbani.

Maswali
1. Mbung'o huvutwa na rangi gani?
2. Mahali pa kulala ni kilomita 18. Mtapumzika saa 2. Mtafika baada ya saa ngapi?
3. Kwa nini mganga alipeleka damu ya mkulima ipimwe malale?

Kazi ya kikundi
Chagueni njia moja ya msituni karibu na kijiji chenu. Andikeni karatasi ya kuacha nyumbani. Kila mmoja aisome kwa sauti.