Kilo Zimerudi, Lakini Usifunge Duka

Somo la wiki hii ni la wale walioanza mwaka na mfungo wa Januari, wakapunguza kilo 4 au 5, na sasa nguo zimeanza kubana tena. Mko wengi. Baadhi yenu mmekuja ofisini tuombee “roho ya ulafi”. Kuomba tunaomba, sikatai. Lakini si kila kilo ni pepo, na kabla ya kukemea ni vizuri tufungue daftari tuone hesabu inasema nini. Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwa huduma, kwa hivyo mtanivumilia.

Hesabu ya kwanza ni ya maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushika karibu gramu 3 za maji. Ukifunga, au ukiacha ugali ghafla, akiba inatumika na maji yanatoka. Ndiyo maana wiki ya kwanza kilo hushuka haraka mpaka mtu anasimama kutoa ushuhuda. Ukirudi kula, maji nayo yanarudi.

Sasa chukua mtu aliyeenda harusi Jumamosi, akapanda mizani Jumatatu na kukuta kilo 2 zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ili aongeze kilo 2 za mafuta, ingebidi ale kalori 15,400 juu ya mahitaji yake. Chapati moja kubwa tuseme ina kalori 300. Hizo ni chapati zaidi ya 50. Hata kwa harusi zetu, jameni, hapana! Nyingi ni maji, chumvi ya pilau, na chakula ambacho bado kiko tumboni. Akirudi kwa mpango wake, siku chache zitatosha. Hatari iko pale Jumatatu anaposema “nimeharibu yote”, halafu anakula wiki nzima kama mtu anayeaga chakula. Hapo ndipo mafuta yenyewe huingia.

Wengine hamjaongeza, mizani imegoma tu. Hiyo pia ina sababu. Mwili wa kilo 85 hutumia nguvu kidogo kuliko ule wa kilo 95, na njaa huzidi mtu anapopungua. Si lazima uwe umezembea.

Lakini hesabu ninayotaka mkae nayo ni hii. Kule Marekani kulikuwa na utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea au mazoezi mengine dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2002: hatari ya kupata sukari ilishuka kwa asilimia 58. Walifuatiliwa hadi miaka 10. Kwa wastani walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zile, kama wewe. Hata hivyo, waliopata sukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 34 kuliko wale ambao hawakupewa mpango. Kilo zilirudi, faida haikurudi yote. Kwa hivyo usiniambie miezi yako mitatu ilienda bure.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kwa ushindi mkubwa Karmeli, na muda mfupi baadaye yuko chini ya mti anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ilikuwa bado ndefu. Tunapenda kukemea mtu aliyechoka. Mbinguni walimpa usingizi. Na kweli, mtu asiyelala vizuri huwa na njaa zaidi.

Duka likipata hasara mwezi mmoja, mwenye duka haliwashi moto. Anaangalia pesa zilipotelea wapi. Fanya hivyo: andika kila unachokula na kunywa kwa siku nne tu. Dada mmoja alipoandika, tatizo halikuwa ugali aliokuwa akijinyima. Ilikuwa chai. Vikombe 5 kwa siku, kila kimoja vijiko 3 vya sukari, jumla gramu 60 hivi, na hakuwahi kuvihesabu kama chakula. Rekebisha kitu kimoja kama hicho, shuka kwa matatu steji moja mapema, na ujipime mara moja kwa wiki, asubuhi ileile. Kama unatumia dawa za sukari au presha, usiruke milo wala kufunga kabla ya kuongea na daktari wako. Hiyo si kukosa imani.

Mlangoni baada ya ibada, tuache ile ya “eh, umenona tena!” Na “umekonda, kuna shida nyumbani?” pia tuiache. Kuna mshirika aliyeacha kuja ushirika wa Jumatano kwa sababu ya salamu kama hizo.

Viongozi wa seli, kuanzia wiki hii chai ipikwe bila sukari na bakuli la sukari liwekwe kando. Kila mtu ajitilie.