Nimepewa Maabara, Nianzie Wapi?

Swali: Nimerudi Morogoro na shahada ya uzamivu. Chuo kimenipa chumba cha maabara na vipindi vingi vya kufundisha. Nitaanzishaje kundi langu la utafiti?

Jibu: Hongera sana, dada. Kabla ya kuwaza mashine, linda muda wako. Kubaliana na mkuu wa idara, kwa maandishi, siku mbili za wiki zisizo na vipindi. Bila hizo utafiti utafanyika usiku tu, nawe utachoka mapema.

Fedha zipo: TWAS, akademia ya sayansi yenye makao Trieste, Italia, hutoa ruzuku za kuanzia kwa wanasayansi wa Afrika waliorejea nyumbani. Vitendanishi viagize mapema mno, maana usafirishaji na forodha hula miezi.

Anza na mwanafunzi mmoja wa uzamili, siyo watano. Mkubaliane tangu mwanzo nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala. Ugomvi wa majina umevunja makundi mengi mazuri. Na profesa wako wa zamani? Endelea kushirikiana naye, lakini chagua swali moja la utafiti lisilo lake. Wafadhili wataliulizia hilo. Tafuta pia mlezi nje ya idara, ambaye hasaini tathmini yako ya kazi, ili umweleze mambo yanayokwama bila woga.