UBAYA WA KUMTUKANA MTU KWA JINA LA TAAHIRA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba viumbe akawagawia riziki zao kwa kadiri aipendayo: huyu akampa mali na yule akamnyima, huyu akampa nguvu na yule udhaifu, huyu akili nyingi na yule chache. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake. Amma baad:

Katika maovu ya ulimi yaliyoenea barazani, sokoni, bandarini na katika viwanja vya mpira, mna ovu moja ambalo watu wengi hawalihesabu kuwa ni ovu. Nalo ni mtu kumwita mwenziwe taahira, au punguani, au zuzu, au zezeta, kwa kuwa amekosea hesabu, au amekosea kete ya bao, au amekhitalifiana naye katika jambo la siasa. Msemaji hucheka, na waliopo hucheka, kisha mazungumzo yakaendelea kama kwamba hapakusemwa neno.

Walakini huenda katika baraza ile ile akawapo mtu ambaye mwanawe yuko nyumbani, amekwisha kuwa kijana wa ndevu, na hawezi kufunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe. Mtu huyo hucheka pamoja na wenziwe kwa haya, kisha akanyanyuka mapema akenda zake. Siku ya pili humzuia mwanawe asitoke mlangoni. Wala hapana mtu barazani ajuaye ni nani aliyemfungia kijana yule ndani.

FASILI YA KWANZA: KATIKA KUJUA NI NANI AITWAYE KWA JINA HILI

Yapasa kwanza kupambanua, kwani watu huchanganya mambo mawili. Kuna mwendawazimu, ambaye akili yake ilikuwa timamu kisha ikaingiwa na maradhi. Huyo huenda akapoa akarejea katika hali yake. Na kuna yule ambaye tangu kuzaliwa kwake, au tangu utoto wake, fahamu yake hukua polepole kuliko ya wenziwe. Huyo si mgonjwa wa kutibiwa apoe; ndivyo alivyo. Walakini hujifunza kwa kadiri yake, hupenda na hupendwa, hufurahi na huona uchungu. Wengi wao hujifunza kujitawadhia, na kusali, na kufanya kazi za mikono, wakipata mtu wa kuwafundisha kwa subira.

Ama sababu zake, elimu ya leo imezieleza nyingi. Miongoni mwao ni mtoto kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa. Na homa ya uti wa mgongo. Na malaria iliyopanda kichwani. Na mama mja mzito kukosa madini joto katika chakula chake. Na mwaka 1959 wataalamu wa mji wa Paris walitangaza kuwa wale watoto wenye hali iitwayo Down wana nyuzi za urithi 47 katika chembe za miili yao badala ya 46, kwa kuwa uzi wa ishirini na moja kwao ni tatu badala ya kuwa wawili. Basi ajue mwenye kujua kwamba jambo hili si laana, wala si kosa la mama, wala mtoto hakubadilishwa na jini usiku.

FASILI YA PILI: KATIKA HUKUMU YA KUITANA MAJINA MABAYA

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, amewakataza watu wasiwadharau watu wengine, kwani huenda wale wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Kisha akakataza kuitana kwa lakabu mbaya, akalihesabu jambo hilo kuwa ni ufasiki baada ya imani. Katazo hilo halikubagua mwenye akili nyingi na mwenye akili chache. Na neno la kuwa huenda mdharauliwa akawa bora lapasa kumtisha kila mwenye kujiona kuwa ana akili.

Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Abu Dharr, naye ni katika Sahaba wakubwa, alimtukana mtu kwa sababu ya mama yake; Mtume (s.a.w.) akamjulisha kuwa ungali umo ndani yake ujahili wa kabla ya Uislamu. Tusi lile lilikuwa ni kumwaibisha mtu kwa jambo asilolichagua. Na mwenye akili pungufu hakuichagua hali yake, kama vile mtu asivyomchagua mamaye.

Na katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba Bibi Aisha alitaja ufupi wa Bibi Safiya kwa neno moja tu. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa neno hilo lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyaharibu. Watu wa pwani waijua bahari na upana wake. Wajua ni uchafu gani mwingi umwagwao ndani yake kila siku usiibadili rangi. Basi na walipime neno la kutaja ufupi wa mtu, kisha walipime neno la kufanya udhaifu wa mtu kuwa ni kichekesho cha mji.

FASILI YA TATU: KATIKA MWENENDO WA MTUME NA WATU HAWA

Imepokewa na Imam Muslim, kutoka kwa Anas, kwamba mwanamke mmoja ambaye katika akili yake mna kitu alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume hakumfukuza, wala hakumwita mtu amwondoe. Alimwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamtaka achague njia yoyote aipendayo ili amtimizie haja yake. Kisha akasimama naye njiani mpaka alipokwisha maneno yake yote.

Yafaa kuyaangalia mambo matatu katika khabari hii. La kwanza, alimpa jina zuri mtu ambaye wengine wangempa jina baya. La pili, alimwachia yeye kuchagua mahali. La tatu, alimpa wakati wake, naye ndiye aliyekuwa na kazi nyingi kuliko watu wote wa Madina.

Na kuna mtu mwingine, ambaye maulamaa wamemtaja kuwa ni Habban bin Munqidh, aliyekuwa dhaifu wa akili katika kuuza na kununua, na watu wakimdanganya. Jamaa zake walimwomba Mtume (s.a.w.) amzuie asifanye biashara. Akamwita akamkataza, naye akasema hawezi kuvumilia kuiacha. Basi Mtume hakumfungia nyumbani, bali alimfundisha kusema, kila afanyapo biashara, kuwa hapana kudanganyana. Maana yake aliufanya udhaifu wake kuwa ni jukumu juu ya wenye akili: wao ndio watakaojizuia na hila, si yeye atakayezuiliwa na soko.

FASILI YA NNE: KATIKA UDHURU WA WENYE KUSEMA, NA MAJIBU YAKE

Suala: Wapo wasemao, "Huu ni mzaha tu, wala hapana aliyekusudiwa."

Jawabu: Tusi halina nguvu ila kwa sababu ya mtu aliyefanywa mfano. Mwenye kumwita mwenziwe mbwa humtukana kwa kumfananisha na mbwa. Na mwenye kumwita taahira humtukana kwa kumfananisha na mtoto wa jirani yake. Basi amewapiga watu wawili kwa jiwe moja: aliyepo, na asiyekuwapo. Aliyepo aweza kujibu. Asiyekuwapo hana ulimi wa kujitetea.

Suala: Wapo wasemao, "Wenyewe hawafahamu wasemwalo."

Jawabu: Hili si kweli. Wengi wao hufahamu uso uliokunjana na kicheko cha dharau kabla ya kufahamu maneno. Na lau hawakufahamu, mama afahamu, na baba afahamu, na Malaika aandikaye afahamu. Na kumdhulumu asiyefahamu ni kubaya zaidi, kama vile kumwibia aliyelala.

Suala: Wapo wasemao, "Hata Kurani imewalaumu wasiokuwa na akili."

Jawabu: Hapa ndipo penye shina la kosa. Waliolaumiwa katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 179, ni watu wenye nyoyo wasiofahamu kwazo, wenye macho wasioona kwayo, wenye masikio wasiosikia kwayo. Wamepewa wakakataa kutumia. Ama ambaye hakupewa, au amepewa kidogo, halaumiwi kwa kile ambacho hanacho; bali Mtume (s.a.w.) amejulisha kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka abaleghe, na asiyekuwa na akili mpaka aipate. Basi mwenye kumwita mkaidi kwa jina la taahira ameigeuza hukumu chini juu: amemvisha mkosa vazi la asiyekuwa na kosa, na asiyekuwa na kosa amemvisha aibu ya mkosa. Ikiwa mtu yule ni mkaidi, na aambiwe kuwa ni mkaidi. Ikiwa ni mwongo, au mvivu, au mdhalimu, majina hayo yapo katika Kiswahili, na kila moja lina mwenyewe.

FASILI YA TANO: KATIKA KUJUA KUWA KUBADILI JINA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Mwanzo wa karne ya ishirini madaktari wa Ulaya na Marekani waliwapanga watu hawa katika daraja tatu, wakazipa majina. Na jina la daraja ya juu lilibuniwa mwaka 1910 na Henry Goddard wa Marekani, kutoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya upumbavu. Yalikuwa ni majina ya vitabu vya tiba. Haukupita muda mrefu yote matatu yakawa ni matusi ya njiani. Likaletwa jina jingine lililodhaniwa kuwa la upole. Nalo likawa tusi, hata mwaka 2010 Marekani ikatunga sheria ya kuliondoa katika sheria za dola yao.

Katika khabari hii mna mazingatio. Kubadili jina bila ya kubadili moyo ni kama kubadili kanzu bila ya kuoga. Leo husemwa mtu mwenye ulemavu wa akili, nalo ni neno zuri, kwa kuwa hutanguliza mtu kabla ya ulemavu wake. Walakini ikiwa dharau imebaki moyoni, hilo nalo litachafuka.

FASILI YA SITA: KATIKA DHULUMA IZAAYO KUTOKANA NA TUSI

Asidhani mtu kwamba jambo hili huishia katika maneno. Ulimi hutangulia na mkono hufuata. Mtu akizoewa kuitwa si kitu, hufika siku ya kugawanywa mirathi, wakasema ndugu zake, "Huyu atafanyia nini shamba?" Wakaigawana fungu lake. Na hukumu ya sharia iko wazi: upungufu wa akili si miongoni mwa mambo yamzuiayo mtu kurithi. Fungu lake ni kamili, nalo ni amana mikononi mwa walii wake. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa watu wa pwani, mali yake ikifika nisabu hutolewa Zaka, na walii ndiye amtoleaye. Basi mtu ambaye mali yake ina haki kwa maskini atasemwaje kuwa yeye hana haki katika mali?

Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwa wasioweza kuangalia mali wasikabidhiwe mikononi, bali walishwe na wavishwe kutokana nayo. Na baada ya chakula na nguo akaamrisha jambo la tatu, nalo ni kuambiwa maneno mazuri. Walii atoaye chakula na nguo kisha akatukana, ametimiza mambo mawili na la tatu amelivunja.

KHATIMA: KATIKA YAMPASAYO MUISLAMU

Yampasa kila mtu auzuie ulimi wake na tusi hili, katika hasira na katika mzaha. Yampasa mwenye kulisikia barazani alikataze kwa upole, wala asicheke, kwani kicheko ni ushahidi wa ridhaa. Yampasa baba awakataze wanawe wasimfuate mtu njiani kwa kumzomea. Yampasa mwalimu wa chuo ampokee mtoto wa namna hii amfundishe kwa kadiri yake, ijapokuwa ni Alhamdu peke yake kwa mwaka mzima. Na yampasa mzazi asimfiche mwanawe. Amchukue msikitini, amketishe ubavuni pake, na watu wamwite kwa jina alilopewa siku ya akika yake.

Na atakayemwona kijana yule akipita mbele ya baraza, amwanze kwa salamu, angoje jawabu lake hata likichelewa. Mtume (s.a.w.) alisimama njiani mpaka haja ikesha.

Mwenyezi Mungu awahifadhi Waislamu na shari ya ndimi zao, na awajaalie wawe ni wenye kuwahurumia viumbe vyake. Amin.

Wallahu aalam.