Msaipresi Ukianza Kuwa Kahawia

Nyumba nyingi za Elgon View na Kapsoya, mjini Eldoret, zimezungushiwa ua wa misaipresi. Ua huo ukianza kuwa kahawia, wengi hukimbilia agrovet na kurudi na dawa ya ukungu. Pesa hizo mara nyingi hupotea bure, kwa sababu anayekausha majani ni mdudu.

Panua matawi kwa mikono uchungulie ndani. Majani yaliyo karibu na shina hukauka yenyewe kwa kukosa mwanga, hayo yaache. Tafuta vidukari wa rangi ya kahawia na kijivu, wakubwa kama punje za mtama, waliobanana kwenye vijiti vyembamba. Shika vijiti hivyo na vidole vitanata, kwa maana vidukari hutoa majimaji matamu. Sisimizi huyafuata, kisha ukungu mweusi kama masizi huota juu yake.

Kidukari huyu, Cinara cupressivora, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza nchini Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Hata mtarakwa, mti wetu wa asili, hausalimiki. Katika miaka ya 1990 aliletwa nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga yai ndani ya kidukari. Kidukari hufa, likabaki ganda lililovimba. Ukiona maganda ya namna hiyo, weka pampu chini kwanza: ukipuliza dawa utamuua nyigu anayekufanyia kazi bila malipo.

Vidukari wakiwa wachache, wapige kwa maji ya mpira yenye nguvu, kisha nyunyiza maji ya sabuni jioni. Wakizidi, nunua dawa ya wadudu iliyosajiliwa, ambayo kibandiko chake kinataja vidukari. Fuata kipimo, na vaa glavu na barakoa. Kuanzia Desemba hadi Machi mwagilia mizizi, maana mti wenye kiu huumia zaidi.

Kuna hali nyingine inayotisha zaidi. Tawi moja hukauka lote huku mengine yakiwa kijani, na gome lake limepasuka na kuchuruza ulimbo. Hicho ni kidonda cha kuvu, ugonjwa uliowafanya wapanda misitu wa Kenya kuachana na Cupressus macrocarpa na kushika Cupressus lusitanica. Kupuliza hakuponyi. Kata chini ya kidonda hadi ufikie mbao safi, futa msumeno kwa spiriti kila unapokata, na uchome matawi hayo. Chagua siku kavu. Julai na Agosti mvua ya Uasin Gishu husambaza vimelea.

Usiukate ua hadi kwenye vijiti vitupu ukitumaini utachipua. Msaipresi hauchipui kwenye tawi la zamani lisilo na kijani, na pengo hilo litabaki. Ukiwa na shaka, mpelekee afisa wa kilimo wa wadi kijiti kilichoshambuliwa, ndani ya mfuko uliofungwa. Mti uliokufa kabisa ung'oe, na kwenye pengo jaribu kaiaba, mmea wa ua wenye miiba.